Michezo 5 ya kumfundisha mtoto kusoma nota za muziki nyumbani, hata kama huna kinanda

Wanakwaya wengi Tanzania na Kenya wanaimba kwa solfa, zile herufi d, r, m, f, s, l, t zinazoandikwa ubaoni au kwenye daftari. Mfumo huu ulianza kwa mwalimu Mwingereza, Sarah Glover, ukaenezwa na John Curwen katika karne ya 19, na wamisionari wakaufikisha Afrika. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini aliutumia mwaka 1897 kutunga wimbo ambao tuni yake leo ndiyo ya Mungu Ibariki Afrika.

Lakini mtoto akipewa fidla, tarumbeta au kinanda, vitabu vingi vya kujifunzia vinamletea kitu kingine: mistari mitano yenye vidude vyeusi. Hapo ndipo wengi hukwama. Wanaishia kukariri, na wimbo mpya hauendi mpaka mtu awapigie kwanza.

Habari njema ni kwamba mzazi anayejua do-re-mi tu anaweza kumvusha mwanawe hapo. Kanuni ni moja: sikio kwanza, jicho baadaye. Mtoto alisema "maji" muda mrefu kabla ya kulisoma neno hilo. Nota nazo ziende hivyo hivyo.

1. Ngazi ya mwili

Do iko vidoleni mwa miguu, re magotini, mi mapajani, fa kiunoni, so kifuani, la mabegani, ti masikioni, na do ya juu kichwani. Imba sauti moja, mtoto aguse mahali pake. Anza na do, mi na so tu, kisha ongeza nyingine pole pole. Akishazoea, badilishaneni: yeye aguse, wewe uimbe. Ukikosea atacheka, na hapo ujue anasikia tofauti.

2. Mapigo ya jikoni

Kabla ya kujua nota inaitwaje, mtoto ajue inachukua muda gani. Piga makofi ya kawaida, kisha semeni maneno juu yake. "Pu!" ni pigo moja. "U-ji" ni sauti mbili ndani ya pigo moja. "Ka-chu-mba-ri" ni sauti nne za haraka ndani ya pigo moja. "Paaa" ni sauti moja inayovutwa mapigo mawili. Kidole mdomoni ni kimya cha pigo moja.

Baada ya siku chache, chora alama zake kwenye vipande vya boksi. Nota nyeusi yenye mkia ni pu. Mbili zilizounganishwa kwa mstari mmoja ni uji. Nne zilizounganishwa kwa mistari miwili ni kachumbari. Yenye tundu na mkia ni paaa. Panga kadi nne, mtoto asome huku akipiga makofi. Kisha yeye akupangie wewe.

3. Mkono wenye mistari mitano

Mtoto anyooshe mkono wa kushoto mbele yake, kiganja kikimtazama, vidole vimetanuka na gumba likiwa juu. Tayari ana mistari mitano na nafasi nne. Kuhesabu kunaanzia chini, kwenye kidole cha mwisho. Mistari ni mi, so, ti, re, fa. Nafasi za katikati ni fa, la, do, mi. Do ya kwanza iko chini kabisa, nje ya mkono, na ina kijistari chake peke yake. Re inaning'inia chini ya kidole cha mwisho.

Taja sauti, aguse kidole au nafasi. Mchezo huu unachezeka hata kwenye daladala. Kufundisha nota kwa mkono kulikuwapo Ulaya tangu Zama za Kati, na kunahusishwa na mtawa wa Italia wa karne ya 11, Guido d'Arezzo.

Angalizo: mpangilio huu ni wa ufunguo wa juu, ile alama iliyojikunja kama konokono mwanzoni mwa mistari, pale do inapokuwa C. Kwenye nyimbo nyingine do huhama nyumba. Hilo lisubiri mpaka makazi haya ya kwanza yazoeleke.

4. Vizibo sakafuni

Chora mistari mitano sakafuni kwa chaki, au tandaza kamba tano. Vizibo vya soda ndizo nota.

Hapa kuna mtego wa lugha. Shuleni mtoto ameambiwa aandike "juu ya mstari", yaani herufi ikae juu yake kama ndege kwenye waya. Kwenye muziki, nota ya mstari hupasuliwa katikati na mstari wenyewe. Ile inayokaa kati ya mistari miwili ni ya nafasi. Usiseme "juu ya mstari". Sema "mstari unaipita katikati", na mchanganyiko mwingi utaisha.

Sasa weka kizibo, mtoto aruke hapo na kuimba sauti yake. Au imba sauti tatu, yeye azipange kwa vizibo.

5. Hatua au mruko?

Msomaji mzuri hatafuti jina la kila nota. Anaangalia imekwenda wapi kutoka ile iliyotangulia. Weka vizibo viwili na uulize: imepanda, imeshuka au imebaki? Ni hatua au mruko? Kutoka mstari hadi nafasi inayofuata ni hatua, kama do kwenda re. Kutoka mstari hadi mstari unaofuata ni mruko, kama mi kwenda so. Mtoto akiona umbo hili haraka, ataacha kuhesabu mistari kwa kidole.

Mambo ya kuepuka

Usiandike majina chini ya kila nota. Jicho la mtoto litasoma herufi na kuziruka nota, na ukizifuta anarudi sifuri.

Usivute muda. Dakika 10 kila siku zinamfaa mtoto mdogo kuliko saa nzima ya Jumamosi. Acha mchezo angali anautaka.

Usimkimbize kwenye mistari. Mtoto wa miaka minne au mitano anatosheka na michezo miwili ya kwanza. Mistari inaweza kusubiri mpaka aanze kusoma maneno.

Utajuaje kama ameiva?

Panga vizibo vinne kwa mpangilio ambao hajawahi kuusikia, kwa mfano do, re, mi, do. Mpe do ya kuanzia, kisha unyamaze. Usimguse, usimwimbie, usimkonyeze. Akiimba vyote vinne peke yake, hata kwa kusitasita, hajakariri chochote. Amesoma.