Papa Fransisko, Rafiki wa Maskini

Siku ya Ijumaa, tarehe 27 Novemba, mwaka wa 2015, watu wa Kangemi, mtaa wa maskini ulio magharibi ya mji wa Nairobi, walipata mgeni mkubwa. Papa Fransisko, mkuu wa Kanisa Katoliki duniani, aliingia katika kanisa lao la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, akaongea nao. Hakuja kuwapa pole tu. Alisema waziwazi kwamba kuinyima jamaa maji ni udhalimu mkubwa, akawalaumu wenye tamaa ya ardhi waliothubutu hata kutaka kunyakua viwanja vya michezo vya watoto wa shule. Kisha akawasifu watu wa mitaa kama ile kwa kuwauguza wagonjwa wao nyumbani, kuwazika wafu wao kwa heshima, na kugawana chakula na mwenye njaa.

Wahenga walisema kuwa mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Papa huyu aliijua hatari hiyo, na kwa sababu hiyo alijitahidi maisha yake yote kukaa karibu na wenye njaa.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Jorge Mario Bergoglio. Alizaliwa Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, tarehe 17 Desemba 1936. Baba yake, aliyehamia huko kutoka Italia, alikuwa mtu wa hesabu katika kazi ya reli. Kijana huyo aliingia shirika la Wajesuiti mwaka wa 1958, akapewa upadre mwaka wa 1969. Alipokuwa Askofu Mkuu wa Buenos Aires, tangu mwaka wa 1998, alikataa kukaa katika jumba la askofu. Alikaa katika vyumba vichache, akajipikia mwenyewe, na kusafiri kwa basi pamoja na wafanya kazi. Aliwatuma mapadre wakaishi katika mitaa ya mafukara.

Tarehe 13 Machi 2013 makardinali walimchagua kuwa Papa. Rafiki yake, Kardinali Claudio Hummes wa Brazil, alimkumbatia akamsihi asiwasahau maskini. Neno hilo lilimchoma moyo, akajitwalia jina la Mtakatifu Fransisko wa Asizi, aliyeacha mali yake yote. Siku chache baadaye aliingia katika gereza la vijana mjini Roma, akawaosha miguu wafungwa. Mwezi wa Julai alikwenda kisiwa cha Lampedusa, akatupa shada la maua baharini kuwakumbuka wahamiaji waliokufa maji wakijaribu kuvuka kuingia Ulaya.

Baadaye alitangaza Mwaka Mtakatifu wa Huruma. Watu walitazamia kwamba Mlango Mtakatifu wa kwanza ungefunguliwa Roma. Lakini siku mbili tu baada ya kutoka Kangemi, aliufungua mlango wa kanisa kuu la Bangui, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, nchi iliyokuwa ikiteswa na vita. Ule wa Roma ulifuata tarehe 8 Desemba.

Papa Fransisko alifariki tarehe 21 Aprili 2025, mwenye umri wa miaka 88. Katika wosia wake aliomba kaburi la kawaida ardhini, lisilo na mapambo, lenye jina lake tu. Wakuu wa nchi nyingi walihudhuria maziko yake. Lakini jeneza lilipofika katika kanisa la Santa Maria Maggiore, waliosimama ngazini kulipokea walikuwa maskini, wenye maua meupe mikononi.

Huruma yake haikuwa ya kutoa sadaka kwa mbali na kupita. Ilikuwa ya kukaribia, kuketi na kusikiliza, na kusema kweli mbele ya mwenye nguvu. Kwa hiyo maneno ya Kangemi hayawahusu wakubwa peke yao. Yanamhusu mkulima anayepakana na mjane asiye na mtetezi, na karani ambaye hati ya shamba au ruhusa ya maji hupita mikononi mwake. Hapo ndipo kila mtu anapoweza kumkumbuka Papa Fransisko kwa vitendo.