Je, Wajua? Usukani Mzito, Anza na Betri

Je, wajua kwamba pikapu nyingi za kisasa hazina kabisa oili ya paua stelingi? Ford F-150, kwa mfano, ilianza kutumia usukani wa umeme katika matoleo ya mwaka 2011. Badala ya pampu inayozungushwa na mkanda wa injini, mota ya umeme ndiyo humsaidia dereva kukata kona.

Mota hiyo hula umeme mwingi, hasa gari likiwa limesimama au likiegeshwa. Ndiyo maana betri iliyochoka huweza kuufanya usukani uwe mzito ghafla na kuwasha taa yenye alama ya usukani kwenye dashibodi.

Kabla ya kununua kifaa chochote, pima betri. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima iliyojaa husoma takribani volti 12.6; injini ikiwaka, kwa kawaida husoma kati ya 13.5 na 14.5. Kisha safisha unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri, kaza waya wa ethi unaoshika chesisi, na kagua fyuzi. Vyote vikiwa sawa, mwombe fundi asome hitilafu kwa kompyuta.

Uzito ukija baada ya kuzungusha usukani mara nyingi mfululizo, huenda mota imepata joto. Mfumo hupunguza nguvu ili kujilinda. Iache ipoe.

Taa ikiendelea kuwaka, usisafiri mbali. Msaada wa mota ukikatika, gari bado litakata kona, lakini kwa nguvu za mikono yako tu.