MANENO YA UZEE: TUYAFAHAMU KABLA YA KUTIA DOLE GUMBA

Ndugu Wanachama,

Katika toleo moja lililopita la gazeti letu hili tuliandika tangazo la mistari mitatu. Tulisema kwamba msaada wa Serikali kwa wazee wasiojiweza unaandikishwa kwa masheha, na kwamba kila aliyetimiza miaka 70 aende na kitambulisho chake. Nasi tukadhani tumefanya jema, tukageukia khabari za majamvi na bei ya makonyo.

Baada ya msimu kwisha tulikwenda kumjulia hali bibi mmoja, mwanachama wetu wa tangu zamani, ambaye umri wake ulikuwa umepita miaka 72. Katika mazungumzo tukamwuliza kama zile fedha za kila mwezi anazipata. Akatutazama, akasema: "Wanangu, mimi najiweza. Nimechambua karafuu tangu nna meno ya utoto, na sadaka ya mtu sijaila. Sianzi leo."

Tuliona haya kubwa. Kwani neno "wasiojiweza" halikutoka kwa sheha wala halikutoka Serikalini. Lilitoka katika kalamu yetu wenyewe. Fedha zile si sadaka, wala hazikuwekewa wasiojiweza peke yao. Ni haki ya kila mzee aliyefikia umri huo na kutimiza masharti ya kuandikishwa. Neno moja tulilolitia pasipo pahala pake lilimzuia bibi wa watu kudai haki yake miaka miwili.

Basi tumeonelea, kwa kulipa deni letu, tuyaeleze hapa maneno ambayo wazee wetu na watoto wao huyasikia kwa sheha, hospitali, benki na mahakamani, na mara nyingi huyachanganya. Si maneno mengi, lakini kila moja lina mlango wake, na anayebisha mlango usio wake hurudi mikono mitupu.

MZEE NI NANI?

Kwetu sisi mzee ni mtu yeyote mwenye mvi na heshima zake. Lakini katika karatasi za Serikali neno hili lina hesabu. Mtu akitimiza miaka 60 huhesabiwa mzee, na mwaka 2020 Zanzibar ilipata sheria yake khasa inayohusu mambo ya wazee. Walakini pensheni jamii, ambayo tutaieleza hapa chini, huanzia miaka 70. Kwa hivyo mtu wa miaka 63 akienda kuiandikisha akaambiwa arudi, asidhani kwamba amedhulumiwa. Ni mzee kwa sheria, ila umri wa fedha zile haujafika.

Wengi wetu hatukuandikiwa siku ya kuzaliwa. Aghlabu mtu husema, "Mapinduzi yalinikuta nishaanza kupanda mkarafuu." Hesabu hiyo si mbaya. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1964 alitimiza 70 mwaka 2024. Lakini itazameni tarehe iliyoandikwa katika kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kwani ofisi hufuata karatasi wala haifuati kumbukumbu ya mtu. Ikiwa tarehe ina makosa, aanze kuitengeneza mapema, angali ana nguvu za kwenda na kurudi.

PENSHENI, KIINUA MGONGO NA PENSHENI JAMII

Haya ni maneno matatu, na wengi wetu huyafanya moja.

Pensheni ni malipo ya kila mwezi anayopewa mtu aliyekuwa kazini akastaafu. Huja kwa sababu katika miaka yake ya kazi ulikatwa mshahara wake na mwajiri wake akachangia. Hapa kwetu kazi hiyo hufanywa na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998.

Kiinua mgongo ni fedha anazopewa mstaafu kwa mkupuo pale anapoondoka kazini. Jina lake lasema lenyewe: mtu aliyekuwa ameinama juu ya kazi sasa anainua mgongo. Hizi hulipwa mara moja, na zikishaliwa zimekwisha. Tumewaona watu waliodhani kiinua mgongo kitarudi tena mwakani kama mavuno ya vuli, wakajenga msingi wa nyumba ya vyumba sita, na msingi huo mpaka leo unaota majani.

Pensheni jamii ni jambo jengine kabisa. Ilianza Zanzibar mwezi wa Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kila mwezi kwa mzee wa miaka 70 na zaidi, na baadaye ikapandishwa ikafika shilingi 50,000. Haikuulizi kama uliajiriwa, wala haikuulizi ulichangia nini, wala haihesabu mikarafuu yako. Mchumaji, mchambuzi, mvuvi, mama wa nyumbani na mwenye shamba, wote ni sawasawa. Na sisi wakulima ndio khasa tunaohusika, kwa kuwa wengi wetu hatukupata kuwa na mwajiri wa kutuchangia.

Shilingi 50,000 kwa mwezi ni shilingi 600,000 kwa mwaka. Hatusemi kwamba zinatosha kumlea mtu. Lakini mzee mwenye shilingi zake mwenyewe hanunuliwi dawa kwa kuombewa, na mjukuu akija humpa ya daftari. Heshima hiyo haina bei.

Kwa vijana wetu twaongeza neno moja. Mfuko tuliokwisha utaja una pia mpango wa hiari kwa watu wasioajiriwa. Mkarafuu, kama tujuavyo sote, huzaa sana mwaka huu na mwaka wa pili ukanyamaza. Mwenye busara hutenga kidogo mwaka wa neema, kabla magoti hayajakataa kupanda.

MTUNZAJI NA MAKAO YA WAZEE

Mtunzaji ni yule anayemwosha mzee, anayemlisha, anayemgeuza kitandani na kumpeleka chooni. Katika nyumba zetu mtunzaji hana cheo wala mshahara. Aghlabu ni binti mmoja au mke wa mtoto, na ndugu wengine huja Ijumaa wakakaa barazani, wakasema, "Mama anatunzwa vyema, alhamdulillahi." Hawamwulizi anayemtunza alilala saa ngapi.

Siku hizi wauguzi wana maneno "mapumziko ya mtunzaji". Maana yake ni kumpokea kazi yake kwa siku moja au mbili ili naye apumzike. Kwetu jambo hili halitaki ofisi. Lataka ndugu wakae wagawane siku kama tugawanavyo zamu za kulinda karafuu zilizoanikwa. Mtunzaji aliyechoka hukasirika, na mzee ndiye anayebeba hasira hizo naye hawezi kusema.

Makao ya wazee ni nyumba za Serikali kwa wazee wasio na mtu wa kuwatazama. Hapa Pemba yako Limbani, Wete, na kule Unguja yako Welezo. Wapo wanaolitaja jina la Limbani kama tusi, wakamwambia mzee, "Ukitusumbua tutakupeleka." Haya ni maneno mabaya. Makao si jela wala si aibu kwa anayeishi humo. Ikiwa pana aibu, basi ni kwa aliye na watoto na nyumba na mikarafuu, kisha akaachwa peke yake.

TIBA SHUFAA NA MARADHI YA KUSAHAU

Hospitali kuna neno "tiba shufaa", na neno hili limeleta ugomvi katika nyumba zaidi ya moja. Sisi tuliopita chuoni twalijua neno "shifaa", yaani kupona. Basi daktari akisema mzee atapewa tiba shufaa, wenyewe hufurahi wakidhani atapona. Zikipita wiki tatu hajapona, husema wamedanganywa. Wengine nao huambiwa na majirani kwamba shufaa maana yake daktari amekata tamaa, wakamtoa mgonjwa wao kitandani wakarudi naye nyumbani.

Yote mawili si kweli. Tiba shufaa ni matunzo ya mgonjwa mwenye maradhi mazito, ambayo pengine hayaponi, ili asiumwe, apumue vyema, alale usiku na moyo wake utulie. Si kuponya wala si kuacha. Mgonjwa anaweza kuipata huku dawa nyengine zikiendelea. Kuacha mzee aumwe ati kwa kuwa haponi si dini wala si uungwana.

Lipo pia neno "maradhi ya kusahau". Kila mzee husahau pahala alipoweka kofia, na hilo si maradhi. Lakini akisahau njia ya nyumba aliyokaa miaka 40, au akauliza jambo moja mara kumi kabla ya adhuhuri, au akamwogopa mtoto wake mwenyewe, huenda yakawa ni maradhi ya ubongo, nayo yataka daktari. Asiambiwe kwamba amechezewa, wala asifungiwe chumbani. Na ikiwa mzee alikuwa mzima jana, leo ghafla akaanza kupayuka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani mara nyingi sababu yake ni homa, upungufu wa maji, sukari au dawa alizokunywa, nayo hutibika akiwahiwa.

WAKALA, HIBA NA WASIA

Hapa ndipo penye khatari kubwa, na tunaomba msomaji asisome mbio.

Mzee mmoja, mwanachama wetu, alitujia ofisini na karatasi iliyopigwa chapa. Alikwisha kuambiwa na jamaa yake kwamba ni karatasi ya kumwezesha huyo jamaa kupeleka karafuu kituoni na kupokea fedha badala yake, kwa kuwa yeye miguu hainyanyuki tena. Alitaka wino tu. Tukamwomba kwanza tumsomee. Mstari wa nne ukasema kwamba ametoa shamba lake lote, na mikarafuu iliyomo, kwa hiba. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akaufuta mkono wake katika kanzu, ingawa wino hakuwa ameugusa.

Hatusemi kwamba jamaa yule alikusudia kudhulumu. Alitwambia kwamba mwandishi ndiye aliyekosea, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Karatasi iliandikwa upya ikawa ya wakala. Basi tofauti zake ni hizi:

Wakala ni kumpa mtu ruhusa akufanyie kazi yako, na mali inabaki yako. Unaweza kumwondoa unapotaka, na ukifa uwakala umekufa nawe. Tena hautolewi illa na mtu mwenye akili timamu. Kwa hivyo nyumba yenye mzee aliyeanza kusahau isingojee mpaka hajui tena anatia dole gumba katika nini.

Hiba ni kutoa. Ukishatoa na kukabidhi, mali imetoka mkononi mwako ungali hai, na kuirejesha si jambo jepesi. Na hiba iliyotolewa katika maradhi ya mauti huchukuliwa kama wasia.

Wasia ni agizo la baada ya kufa. Kwa Sharia yetu hauzidi thuluthi moja ya mali iliyobaki baada ya madeni, na haumfai mrithi illa warithi wengine waridhie. Zilizobaki ni mirathi, nazo zina mafungu yaliyokwisha wekwa. Mwenye kutaka mwanawe aliyemtunza apate zaidi asimfiche karatasi chini ya godoro. Aende kwa Kadhi akiwa mzima, aulize njia ya halali.

Ndugu Wanachama, kuanzia sasa ofisi yetu itamsomea bure kila mzee karatasi yoyote aliyopewa kutia mkono, mwanachama au si mwanachama. Nasi twamwomba kila mzee aulize mambo matatu kabla ya wino: Natoa nini? Naweza kukirejesha? Na nani mwengine ameisoma karatasi hii?

Ama yule bibi tuliyemtaja mwanzo, tulirudi kwake tukamwomba radhi, tukamweleza kwamba zile ni haki yake, wala hakuna anayemwita asiyejiweza. Alifikiri kidogo akitengeneza buibui lake. Kisha akasema: "Basi kama ni haki yangu, mbona mmekaa miaka miwili hamjanambia?"

Hatukuwa na jawabu. Asubuhi yake tulimpeleka kwa sheha.

Wassalaam,
Katibu, kwa niaba ya Jumuiya