Ishara Isiyoruhusiwa Kukosekana: Utangulizi

Septemba 1982 ndege ndogo ilianguka katika milima ya British Columbia, nchini Canada. Setilaiti ya Kisovieti, iliyorushwa miezi michache tu kabla, ikanasa ishara ya dharura kutoka huko, na watu watatu wakaokolewa. Vita Baridi vilikuwa vimepamba moto, lakini mpango huo, Cospas-Sarsat, ulikuwa umeundwa kwa pamoja na Wasovieti, Wamarekani, Wakanada na Wafaransa.

Karibu, msomaji, katika taaluma inayochunguza kama kifaa kinachotuma ishara ya namna hiyo kitaitika siku kitakapohitajika. Simu ikiharibika utajua leo hii, kwa sababu unaitumia. Kitoa ishara cha dharura hukaa miaka kimezimwa, na kikiharibika kimya kimya, hakuna anayejua. Ugumu wote wa taaluma hii unatokana na ukimya huo.

Chukua kile cha melini, ambacho mabaharia hukiita EPIRB. Chombo kikizama, maji yakifika kina cha kati ya mita 1.5 na 4, shinikizo lake hufyatua kisu kinachokata kishikizo. Kifaa huibuka juu, hujiwasha chenyewe na kuanza kuita. Kila sekunde 50 hivi hutuma ishara ya nusu sekunde kwenye masafa ya megahezi 406, nacho hutakiwa kuendelea kwa saa 48. Ni ufundi wa kupendeza mno. Sasa mtu akikifunga kwa kamba kwenye reli ya meli ili kisipotee, kitazama na meli. Akikiweka chini ya paa, kitaibuka na kunasa papo hapo. Elektroniki zake zitakuwa nzima kabisa, na hakuna atakayesikia, maana mawimbi hayo hayapenyi maji ya bahari. Kile kishikizo nacho kina tarehe yake ya kubadilishwa, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili.

Ndani ya ishara mna namba ya utambulisho. Kituo cha uokoaji, kama kile cha Mombasa kilichofunguliwa mwaka 2006, huitumia kumtafuta mwenye chombo katika daftari la usajili. Meli ikiuzwa na daftari lisibadilishwe, simu itapigwa kwa mtu asiyejua lolote, huku dakika zikiyoyoma. Kwangu mimi, daftari hilo ni nusu ya kifaa, na ninasikitika kuona vitabu vingi vya uhandisi vikiliacha nje.

Vifaa vya zamani vya megahezi 121.5 havikuwa na namba yoyote. Kengele za uongo zilikuwa nyingi kupita kiasi, na tarehe 1 Februari 2009 setilaiti ziliacha kuvisikiliza. Kengele ya uongo nayo ni ubovu, kwani humchosha mwokoaji. Na kwa upande wa ukimya, hata ndege kubwa haina kinga: ndege ya abiria MH370 ilipotoweka Machi 2014 na watu 239, hakuna ishara ya dharura iliyonaswa.

Tutaanza na hesabu moja. Hitilafu iliyojificha hudumu, kwa wastani, nusu ya muda ulio kati ya ukaguzi mmoja na mwingine. Kagua mara moja kwa mwaka, na kifaa kilichokufa kitakuwa kimeaminiwa kwa miezi sita hivi. Kagua mara nyingi zaidi, nawe unakula betri ileile inayotakiwa kudumu saa 48 baharini. Sura ya kwanza inatafuta mahali pa kusimama kati ya hayo mawili.