Uvimbe wa mafuta kinywani hauthibitishwi kwa macho

UVIMBE mlaini usiouma, ulioota ndani ya shavu au chini ya ulimi, huweza kukaa miaka mingi bila mwenyewe kuujali. Wengi humwona daktari wa meno pale tu wanapoanza kuung'ata wakati wa kutafuna, au meno ya bandia yanapokataa kukaa vyema.

Mara chache uvimbe huo huwa lipoma, yaani mkusanyiko wa chembe za mafuta. Mgongoni au begani lipoma ni jambo la kawaida, lakini kinywani hukadiriwa kuwa kati ya asilimia 1 na 4 tu ya uvimbe wote usio wa saratani. Huwapata zaidi waliovuka miaka 40. Mwaka 1848, Roux aliueleza kama uvimbe wa manjano wa ufizi.

Umanjano huo ndio unaomwongoza daktari, ila huonekana tu uvimbe ukiwa karibu na juu. Ukijificha ndani, hubonyea mithili ya mfuko wa maji, na ni rahisi kuudhania kuwa tezi ya mate iliyoziba. Hapo ndipo kipimo cha ultrasaundi au MRI husaidia, kwani mafuta yana mwonekano wake kwenye picha.

Hata hivyo, picha haikati shauri. Ipo saratani ya mafuta iitwayo liposarkoma, adimu zaidi kinywani, ambayo nayo huweza kukua polepole bila maumivu. Kwa sababu hiyo uvimbe ukishaondolewa, kazi ambayo mara nyingi huhitaji ganzi ya mdomoni tu, hupaswa kupelekwa maabara. Ukitiwa katika chupa ya formalini huelea badala ya kuzama, kwa kuwa mafuta ni mepesi. Ni ishara nzuri, lakini jibu hutolewa na mtaalamu wa patholojia anayechunguza kwa hadubini umbo la chembe na viini vyake. Anayeukata na kuutupa humnyima mgonjwa jibu hilo, na mgonjwa ana haki ya kuuliza ulikopelekwa.

Kupunguza unene hakuuyeyushi uvimbe huu. Ukiondolewa wote ni nadra kurudi, isipokuwa ule uliopenya katikati ya nyuzi za misuli, ambao ni mgumu kuumaliza na huhitaji kufuatiliwa kwa muda mrefu zaidi.