Kioo Kimoja, Watu Wawili: Mnunue Kipi?

Kama wewe na mwenzio mnaishi chumba na sebule, meza ya kompyuta ni moja, na mmoja wenu anatafutia riziki kwenye kompyuta hiyo wakati mwingine anapumzishia akili hapo hapo baada ya kazi, basi makala hii ni yenu. Manake suala la kununua kioo cha kompyuta, au monita kama wengine wanavyoita, linaonekana dogo mpaka siku mnapofika dukani na kila mmoja ananyoosha kidole upande wake.

Hivi karibuni nilifanywa hakimu wa kesi ya namna hiyo. Mwanamke ni rafiki yangu wa tangu chuo, anapiga picha za harusi na sendofu hapa Dar. Mumewe, shemeji yangu, ni mtu wa benki, mpole, hana makuu, lakini ikifika saa tatu usiku yuko vitani na wenzake kwenye intaneti, risasi zinarindima. Walikuwa wamejiwekea mshiko wa kununua kioo kipya. Yeye shemeji alitaka kile kilichopinda kama upinde, kikubwa, cha kasi. Rafiki yangu alitaka kile ambacho rangi yake haidanganyi. Siku tatu wakalala mzungu wa nne, ndipo nikapigiwa simu.

Na wote walikuwa na hoja, bwana. Rafiki yangu alisharudishiwa albamu na bibi harusi mmoja aliyeona sura za wazazi wake zimetoka nyeusi ti, wakati kwenye kioo picha zile zile zilikuwa bomba. Akachapisha upya kwa hela yake mwenyewe. Shemeji naye alinitazama usoni akasema, "Dada, mimi sinywi, sikai baa, starehe yangu ndiyo hii moja." Ungemjibu nini?

Ndani ya kioo kuna nini?

Kabla ya kuhukumu, tujue tunagombania kitu gani. Vioo vingi vya kompyuta vina taa kwa nyuma, na mbele ya taa kuna tabaka jembamba la fuwele za kimiminika. Fuwele hizo fikiria ni kama madirisha ya luva: zikigeuka huku mwanga unapita, zikigeuka kule unazuiwa. Tofauti ya paneli na paneli iko hasa kwenye jinsi hizo luva zinavyolala na kugeuka.

Kongwe kati yao ni TN. Hataza yake iliombwa Desemba 1970 na Martin Schadt na Wolfgang Helfrich, waliokuwa wakifanya kazi Hoffmann-La Roche ya Uswisi, ndiyo, kampuni ya madawa! Vioo vyake ni rahisi na ni vya haraka, ndiyo maana wacheza gemu walivipenda kwa miaka mingi. Ubaya wake unauona ukisimama: ukiinuka kwenye kiti rangi inabadilika, ukiinama ukakitazama kwa chini picha inageuka kama negativu ya zamani. Vioo vingi vya mtumba vilivyotolewa maofisini ni vya aina hii, na hicho ndicho alichokuwa nacho rafiki yangu.

IPS ililetwa sokoni na Hitachi ya Japani katikati ya miaka ya 1990 kutibu ugonjwa huo huo. Fuwele zake zinazunguka zikiwa zimelala, kwa hiyo hata ukikaa pembeni rangi haikimbii. Kasoro yake ni weusi. Kontrasti yake ya kawaida ni kama 1,000 kwa 1, na usiku ukizima taa ya chumbani ule weusi unakuwa kama kijivu, na pembeni unaona mng'ao kama mtu kaacha mlango wazi. Tangu mwaka 2022 kuna IPS zilizofikisha 2,000 kwa 1, ila bei yake imesimama.

VA, ambayo Fujitsu ndio walioisukuma miaka ile ile ya 1990, fuwele zake husimama wima na kuziba mwanga vizuri sana. Kontrasti yake inaanzia kama 3,000 kwa 1. Filamu ya usiku ukiiangalia humo unasahau kulala. Vile vioo vilivyopinda vinavyowatoa wanaume udenda dukani, vingi ni VA. Tatizo ni kwamba nyingi zina uvivu kwenye rangi za giza: adui akikatiza kwenye kivuli anaacha moshi nyuma yake. Zipo zilizoponyoka, kama Samsung Odyssey G7 ya mwaka 2020, lakini za bei ya chini bado zinasuasua.

Halafu kuna OLED, ambayo haina taa ya nyuma kabisa. Kila pikseli inajiwakia na kujizimia yenyewe, kwa hiyo nyeusi ni nyeusi ya kweli. Ching Tang na Steven Van Slyke wa Kodak waliielezea mwaka 1987, lakini kwa wacheza gemu mlango ulifunguka hasa mwaka 2022 Alienware walipotoa ya inchi 34. Kwa uzuri haina mpinzani. Ila kitu kikikaa mahali pamoja muda mrefu kinaweza kuacha alama isiyofutika, na programu za kuhariri picha zina vitufe vinavyokaa pale pale kutwa nzima. Wapo watengenezaji wanaotoa waranti ya miaka 3 inayogusa hata alama hizo. Muulize muuzaji waziwazi kama waranti hiyo anaitambua hapa, au ni ya huko kilikotoka.

Ngozi yetu na shela nyeupe

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu mara nyingi wauzaji hawakuambii. Picha ya harusi ya kwetu ni mtihani mgumu kuliko mandhari ya mlima. Ndani ya fremu moja una shela nyeupe pee, suti nyeusi, na katikati sura za watu wenye ngozi ya kahawia ya kila daraja, kuanzia maji ya kunde mpaka nyeusi inayong'aa. Uzuri wa ngozi hiyo uko kwenye vivuli vidogo: chini ya shavu, pembeni ya pua, kwenye shingo.

Kioo cha TN kitakuonyesha bibi harusi wa rangi moja akiwa juu ya kioo na rangi nyingine ukimshusha chini. Utahariri nini hapo? VA nayo ina hila yake. Ukikaa katikati, vivuli vizito vinamezwa, ukisogea pembeni vinarudi. Kwa gemu si neno. Kwa mtu anayetafuta tofauti ya suti nyeusi na nywele nyeusi, ni kasheshe. Ndiyo maana kwa kazi ya picha nilimwambia shemeji mapema kabisa: VA tuiweke kando.

Kuna na jambo la mwanga, ambalo halina uhusiano na aina ya paneli. Vioo vinatoka kiwandani vikiwa vimewashwa kwa nguvu ili ving'are dukani. Ukihariri kwenye mwanga ule, kila picha unaiona ina nuru ya kutosha, unaipeleka kuchapishwa, inarudi giza. Karatasi haina taa nyuma yake, jamani! Wanaochapisha huwa wanashusha mwanga hadi kati ya kandela 80 na 120 kwa mita ya mraba. Ile albamu iliyorudishwa, kwa maoni yangu, nusu ya kosa ilikuwa hapo.

Upande wa rangi tafuteni kioo kinachofikisha sRGB karibu asilimia 100. Hicho ndicho kipimo kilichobuniwa na HP na Microsoft mwaka 1996, na picha nyingi za mtandaoni na za simu zinakifuata. Mkiona laptopu imeandikwa 45% NTSC, jueni inaonyesha chini kidogo ya theluthi mbili ya sRGB. Kwa barua na hesabu inatosha. Kwa kitenge, thubutu!

Na shemeji je?

Mchezaji anataka vitu viwili, na muuzaji atampa kizunguzungu cha namba. Cha kwanza ni Hz, yaani mara ngapi picha inabadilika kwa sekunde. Kwenye 60 Hz picha mpya inakuja kila milisekunde 16.7, kwenye 144 Hz kila 6.9. Tofauti hiyo inaonekana kwa macho, hata mimi nisiyecheza niliiona. Kutoka 144 kwenda 240 ni mambo ya mabingwa. Wa PlayStation 5 mjue inafika 120 Hz, kwa hiyo kuzidisha sana hapo ni kutupa hela.

Cha pili ni ile "1 ms" iliyoandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa. Msiipe uzito. Mara nyingi imepimwa kwa mpangilio ambao ukiuwasha nyumbani, vitu vinaanza kuacha vivuli vya ajabu.

Habari njema ni kwamba IPS za siku hizi zina kasi. Zamani ungelazimika kuchagua, leo IPS ya 144 au 165 Hz ni bidhaa ya kawaida. Kwa hiyo hukumu yangu ilikuwa IPS, inchi 27, pikseli 2,560 kwa 1,440. Kwa inchi 24 pikseli 1,920 kwa 1,080 zinatosha, lakini ukizitandaza kwenye inchi 27 maandishi yanaanza kuchanika.

Shemeji akaachia upinde wake. Rafiki yangu akakubali kulipia kasi ambayo yeye haihitaji, ingawa alinuna mpaka tunavuka barabara. Na hapo kukawa na la ziada: 2,560 kwa 1,440 ni pikseli zaidi kwa asilimia 78 hivi, na kadi ya grafiki ya shemeji ni ya zamani. Gemu nzito sasa anazichezea kwa mpangilio wa chini. Kadi mpya haijajadiliwa, na mimi nimeshasema kwenye kikao hicho sitahudhuria.

Wameweka taratibu mbili. Kioo kina kumbukumbu za mipangilio: namba moja ni ya mama, mwanga chini, rangi ya sRGB, namba mbili ni ya baba, afanye anavyotaka, ila akimaliza anarudisha. Na wiki ya kukabidhi albamu, meza ni ya kazi mpaka saa nne usiku. Rafiki yangu aliniambia siku moja alikuta namba moja imechezewa. Sikuuliza iliishaje.

Mkienda dukani, bebeni flashi yenye picha tatu: nyeusi tupu, nyeupe tupu, na picha ya mtu mnayemfahamu kwa macho. Kwenye nyeusi mtaona mng'ao wa pembeni na pikseli zilizong'ang'ania kuwaka, kwenye nyeupe mtaona zilizokufa. Ile ya mtu itazameni kwa kusimama, kwa kuchuchumaa, na kwa kukaa bega kwa bega. Ulizeni pikseli ngapi zikifa ndipo wanabadilisha, na jibu liandikwe kwenye risiti. Boksi msilitupe mpaka waranti iishe.