Njia Hupotea Palipokatwa Miti

Mpenzi msomaji, je, ni wapi mtu hupotea upesi msituni? Wengi watasema ni kwenye miti mikubwa. Hata mimi nilidhani hivyo, hadi Aprili moja ya mvua nilipopanda kilima cha Lirhanda, hapa kwetu Shinyalu, pamoja na binamu yangu.

Tulitoka Isecheno asubuhi. Chini ya miti mikubwa tulitembea bila taabu. Matawi ya juu huzuia jua, na pasipo jua vichaka havisitawi. Kileleni tulikaa tukitazama msitu wa Kakamega, uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka wa 1933.

Babu alikuwa ametuonya tusiache njia. Wakati wa kurudi tukashika ya mkato. Lo! Tukajikuta mahali ambapo miti ilikatwa mbao zamani. Hapo jua hufika chini, basi miba, mipera na mimea ya kutambaa hugombania nafasi. Hatukuona hata hatua tano mbele. Mvua ya alasiri nayo ikatunyeshea humo humo. Tuliita hadi sauti zikakauka.

Mama mmoja aliyekuwa akiokota kuni alitusikia. "Watoto wangu," alisema, "mkipotea simameni kwanza, msikilize. Jogoo akiwika, huko kuna watu."

Ndugu zangu, nendeni asubuhi kabla ya mvua, mkiwa na mwenyeji. Tazameni mnapokanyaga, kwani kifutu hujificha kwenye majani makavu. Na mti mkubwa usikatwe ovyo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tuliponea chupuchupu.